Kutua si Kushindwa

Je, kuyanyamazia maumivu ni subira, au ni dhulma ya mtu kwa mkono wake mwenyewe?

Katika karne ya 19, mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika frasila mbili hivi, karibu kilo 30, baina ya Bagamoyo na Ujiji. Njiani palikuwa na Tabora, katika nchi ya Unyanyembe: huko misafara ilivunjwa, wapagazi wakalipwa, mizigo ikapata mabega mapya. Hakuna aliyekuita kutua huko kuwa ni udhaifu.

Mkono hauna Tabora yake. Mkulima wa tumbaku wa huko leo, aliyeshika mpini wa jembe tangu utotoni, huenda akaamka kidole kimekunjika. Kikikunjuka, hukunjuka ghafla, kwa maumivu. Kano imevimba, nayo njia yake imebana, mithili ya jambia lililokwama alani. Tiba ya kwanza ni kuupumzisha mkono, pengine kwa gango. Ikishindikana, sindano au upasuaji mdogo. Lakini mwenyewe huona haya kupumzika, maana amelelewa na msemo wa asiyefanya kazi na asile.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Basi kimoja kinapougua, vya nyumba nzima vina wajibu. Subira nayo ina vituo vyake, na mwenye kumwambia mgonjwa avumilie, hana budi kwanza kumpokea mzigo.