Sawa na Seva ya Lini?

Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia mtaa wa Kibera, Nairobi, kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Nyumba, vibanda na hata shule zilizokuwa kwenye mkondo wake zikaangushwa, na ramani ya mtaa ikazeeka kwa siku moja.

Chukulia basi vijana watatu wanaofanyia kazi katika nyumba moja ya gorofa pale Nyayo Highrise, jirani na mabati ya kijiji cha Soweto. Wana faili moja la shule za Kibera: jina, kijiji, mahali ilipo, idadi ya wanafunzi. Wanalitunza kwa Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo humpa kila mmoja nakala yake kwenye laptopu huku nakala ya pamoja ikikaa kwenye seva. Kazi ya namna hii si ngeni mtaani. Tangu 2009 vijana wa Map Kibera wamekuwa wakiviingiza vijiji vyao kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri.

Baada ya bomoabomoa, msichana wa kundi alishinda juani akifuata mkondo wa barabara kwa miguu. Jioni akaziondoa kwenye faili shule zilizobomolewa, akakomiti (yaani akalihifadhi badiliko ndani ya Git), akapushi (akalipeleka kwenye seva), akalala.

Kesho yake mwenzake aliamkia kazi ya haraka. Watu fulani wa kugawa vitabu walitaka ramani ya shule za Kibera iliyochapishwa. Akafungua laptopu, akaandika git status, na jibu likaja palepale: tawi lako liko sawa na la seva, hakuna cha kukomiti. Akaenda cyber, akachapisha. Alasiri pikapu ya vitabu ikasimama kijiji cha Mashimoni mbele ya udongo mtupu, dereva akiwa na karatasi mkononi inayosema hapo pana shule.

"Mashine imenidanganya," kijana akalalamika.

"Haijakudanganya," msichana akamjibu. "Imekwambia uko sawa na seva uliyoiona mara ya mwisho. Uliifetchi lini?"

Kimya.

Hapo ndipo wengi huteleza. Amri ya git status haiendi kubisha hodi kwenye seva. Husoma kumbukumbu iliyo ndani ya laptopu yako, ya pale seva ilipokuwa mlipowasiliana mara ya mwisho, kisha hulinganisha nakala yako na kumbukumbu hiyo. Kaa mwezi mzima bila bando, itakujibu vilevile kwamba uko sawa. Anayekwenda kuuliza ni git fetch. Wanaotumia TortoiseSVN, programu nyingine ya kutunza matoleo ya mafaili, wana mtego uleule: tiki ya kijani juu ya faili ina maana kwamba wewe hujaligusa tangu ulichukue, wala haisemi lolote juu ya waliyofanya wenzako, mpaka uiagize programu ikaangalie kwenye seva. Kwangu mimi jibu hilo la Git ni fupi mno. Maneno mawili matatu ya kutaja mara ya mwisho ya kuwasiliana yangeokoa aibu nyingi.

Msiba wa kijana wa tatu ulikuwa mkubwa zaidi, ingawa kuusimulia ni kwepesi. Yeye alikuwa ameanza faili jipya la mahali walikohamia wanafunzi wa shule zilizovunjwa, taarifa alizozikusanya kwa kuwapigia wazazi simu mmoja mmoja. Ndani ya VS Code, programu aliyoandikia, jina la faili hilo liliandikwa kwa kijani, na herufi U pembeni. Rangi hiyo akaisoma kama taa ya barabarani. Kumbe U hiyo ilikuwa inamwambia kwamba Git haijaanza kulifuatilia faili lake hata kidogo. Angeandika git status kwenye dirisha la amri angeliona faili lilelile kwa rangi nyekundu. Na kwenye orodha fupi ya Git, U ni kitu kingine kabisa: faili ambalo mabadiliko ya watu wawili yamegongana na halijapatanishwa. Faili lisilofuatiliwa huko hupewa alama mbili za kuuliza.

Baada ya aibu ya vitabu wakakubaliana kila mmoja asafishe folda yake ifanane na seva. Kijana wa tatu akaandika git clean -fd, amri ya kufuta mafaili yasiyofuatiliwa. Faili lake likafutika bila kupitia pipa la taka, na kwa kuwa halikuwahi kukomitiwa, Git haikuwa na nakala ya kumrudishia. Akaanza upya kuwapigia wazazi.

Msomaji atauliza kwa nini seva haikumzuia yule wa ramani. Ingemzuia kama angejaribu kupushi. Git hukataa kazi ya aliyeachwa nyuma, na OpenStreetMap nayo hukipa kila kitu kwenye ramani namba ya toleo, ukileta badiliko lenye namba iliyopitwa linarudishwa. Lakini yeye hakupeleka kitu. Alisoma tu na kuchapisha, na msomaji hana askari mlangoni.

Siku hizi ramani inayotoka kwenye nyumba ile ina mstari mdogo kwenye kona ya chini kulia: tarehe na saa ya fetchi ya mwisho. Msichana ndiye aliyeuweka, na hakubali karatasi ipelekwe cyber bila huo mstari.