Juu ya Yule Asiyechaguliwa

Katika shule zetu hutokea jambo ambalo halisemwi mbele za watu, bali husemwa usiku nyumbani. Mkurugenzi astaafu, au ahamishwa. Waalimu wote wadhani wamjua atakayemfuata: ni yule wa darasa la sita, aliyefundisha miaka 12 bila kuacha, ambaye huachiwa funguo za ofisi kila mara mkurugenzi asafiripo. Kisha yafika barua kutoka ofisi ya uratibu wa shule za Kikatoliki, na jina lililomo si lake. Ni la mwalimu wa darasa la tatu, mdogo wake kwa miaka minane, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika rejista.

Je, mtu huyu ameonewa? Na kama hakuonewa, huzuni yake ni dhambi?

Wengi humjibu upesi mno. Humwambia: Nyenyekea, vyeo ni mambo ya dunia. Naona jibu hilo hutoka zaidi kinywani mwa wale ambao hawajarukwa bado. Mtakatifu Paulo, alipomwandikia Timoteo juu ya uaskofu, hakumlaumu mwenye kuutamani. Aliihesabu kazi hiyo kuwa njema. Basi, kutamani kuongoza shule si aibu. Anayekosa kitu chema hana budi kuhuzunika, tena mke wake pia, kwa kuwa nyongeza ile ya mshahara ilikwisha kugawanywa kichwani: karo ya mtoto wa sekondari, mabati ya jikoni.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, tunaye ndugu wa mwalimu huyu. Yuda alikuwa amekufa, na kiti chake kilikuwa wazi. Petro alisimama mbele ya ndugu wapata 120, akaeleza ni mtu wa namna gani atakiwaye: awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohane hata siku Bwana alipopaa mbinguni. Wakasimamishwa wawili, Yosefu Barsaba aliyeitwa Yusto, na Matia. Wakasali, wakapiga kura, ikamwangukia Matia.

Twasoma habari hii kila mara kwa ajili ya Matia. Tumtazame mara moja Barsaba. Hakupungukiwa neno lolote katika yale yaliyotakiwa. Kama angalipungukiwa, asingalisimamishwa. Alikuwa amestahili kabisa, na hakuchaguliwa. Hapa twajifunza jambo ambalo mtu aliyerukwa hulisahau kwanza: kwamba kutochaguliwa si hukumu juu ya kustahili. Kiti kilikuwa kimoja, watu wawili. Tena tukiendelea kusoma kitabu chote cha Matendo, hatulikuti tena jina la Yosefu Barsaba huyu. Lakini na jina la Matia hatulikuti. Aliyepata kiti na aliyekikosa, wote wawili waliingia katika kazi ambayo haikuandikwa.

Mtu atanijibu: Kura haina macho, haimpendi huyu wala kumchukia yule. Mimi nilirukwa na watu wenye macho. Jibu hili lina nguvu, nami silikatai. Kura haiumizi kama uamuzi wa mtu anayekujua. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: yule mwenye kuchagua adaiwa nini?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliliangalia swali hili alipoeleza dhambi ya upendeleo. Afundisha kwamba, ili uchaguzi usipingwe mbele ya baraza, yatosha kuchagua mtu mwema; lakini mbele ya dhamiri yake, mchaguzi apaswa kumchagua aliye bora zaidi. Bora kwa nini? Ama katika yote, ama kwa faida ya watu wote pamoja. Na aongeza kwamba huenda mwenye elimu ndogo zaidi akaifaa jumuiya kuliko mwenye elimu kubwa. Basi yule kijana wa darasa la tatu huenda ajua kusema na wazazi wenye hasira, au kushika hesabu za fedha. Miaka 12 darasani ni heshima kubwa, lakini si hati ya deni.

Walakini, ikiwa alichaguliwa kwa kuwa ni mpwa wa fulani, au wa kabila fulani, au alitoa matabishi, hapo kuna uonevu wa kweli, na haifai kuupaka jina la unyenyekevu. Kuna hata milango iliyofungwa kwa sheria yenyewe. Wazee wetu waliuona huo katika jeshi la Force Publique: hata siku ya uhuru, 30 Juni 1960, hapakuwa na Mkongo hata mmoja aliyekuwa ofisa, maofisa wote walikuwa Wabelgiji. Jenerali Janssens aliwaandikia ubaoni kwamba uhuru hautabadili kitu. Tarehe 5 Julai askari waliasi. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini wengi walioteswa katika siku zilizofuata hawakuwa wamemnyima mtu cheo chochote. Haki ya kulalamika haikuwapa haki ya kufanya kila lililowajia moyoni.

Mwalimu wetu, basi, aanze kwa kuuliza. Amwendee mwenye kuchagua, peke yake, mchana, amwambie: Baba, au Mheshimiwa, nataka kujua nilipungukiwa nini. Akipewa sababu, aipime. Akiona upendeleo dhahiri, aandike barua yenye tarehe na mambo aliyoyaona kwa macho, aipeleke juu. Asianze na baraza la waalimu chini ya mwembe. Pale atasikia kwamba yeye ndiye aliyestahili, na maneno hayo ni matamu; lakini wasemaji hao hao huenda asubuhi kumpongeza mkurugenzi mpya.

Juu ya huzuni, Tomaso huyo huyo apambanua. Kuhuzunika kwa sababu mimi sina kitu chema, hiyo si kijicho, na yaweza kunisukuma kufanya bidii. Kijicho ni kuhuzunika kwa sababu mwenzangu anacho, kana kwamba heri yake yanipunguza mimi. Je, nitazijuaje? Naona njia iko moja iliyo rahisi. Mtu ajiulize: Kama kesho ningepewa shule nyingine iliyo sawa na hii, je, huzuni ingekwisha? Ikiwa ingekwisha, ilikuwa tamaa ya kazi. Lakini ikiwa kitakachonituliza ni kusikia tu kwamba yule kijana ameshindwa, kwamba wazazi wamemgombeza, kwamba mkaguzi amemwandikia vibaya, basi huo ndio ugonjwa wenyewe. Na ugonjwa huo katika shule hauui mkubwa wala mdogo wa waalimu; huua masomo. Mwalimu hujua kwamba rejista ya fedha ina kosa, akanyamaza ili mwenzake aanguke, na wanaokosa chaki ni watoto.

Na kama kweli hawezi kukaa? Aombe kuhama. Kuondoka si woga, na mtu hana nadhiri ya kukaa katika jengo moja. Ila asiondoke katikati ya mwaka, maana darasa la sita lina mtihani wa mwisho wa shule ya msingi mbele yake, na wale watoto hawakuandika barua ile. Siku ya kuondoka amkabidhi mkurugenzi mpya funguo na rejista, amtembeze vyumbani, amwonyeshe ni wapi paa huvuja mvua ikitoka upande wa ziwa.