Haki ya Macho

Familia yenye uwezo ikikaa kupanga likizo ya kuzuru miji mikuu ya Ulaya, mazungumzo huanza na vitu vya kuonwa: Big Ben ya London, mnara wa Eiffel kule Paris, Lango la Brandenburg la Berlin, Basilika la Mtakatifu Petro. Wakati huohuo familia za huko hupanga kuja kwetu: siku mbili Mikumi, halafu Morogoro mjini, na asubuhi moja ya kupanda Uluguru mpaka Morning Side, kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, kuutazama mji ulivyotandaa chini. Sioni ubaya katika safari hizi. Mtoto aliyetoka kwao akaona watu wengine wanavyoishi amepewa kitu chema. Lakini pande zote mbili husafiri na imani moja isiyosemwa: kwamba aliyetoka mbali na kulipa amepata haki ya kuona. Imani hiyo ni ya kidini kuliko inavyodhaniwa, maana inadai kwamba duniani hakuna kitu chenye haki ya kutoonwa. Nasema kipo, na kwamba haki ya macho haizaliwi na nauli wala kiingilio. Huzaliwa na ruhusa.

Ulaya yenyewe inashuhudia. Katika Westminster Abbey ya London, ambamo wafalme wa Uingereza wametawazwa tangu 1066, anayekuja kutazama hulipa kiingilio, na anayekuja kusali halipi kitu. Wanapita chini ya dari lilelile na kuyakuta makaburi yaleyale. Mjanja angeweza kujidai amekuja kusali ili aokoe pesa, na hata hivyo tofauti imebaki, kwa kuwa kanisa linaweza kuuza nafasi ya kutazama, ila sala haliwezi kuiuza. Kule Paris, katika Basilika la Moyo Mtakatifu juu ya kilima cha Montmartre, Ekaristi inaabudiwa mchana na usiku bila kukatika tangu 1885. Watalii huzunguka pembeni, wakiwa wametakiwa kunyamaza na kutopiga picha, na katikati wamo waliopiga magoti. Mtalii na mwabudu wanatazama hostia moja, na macho yanawapa kitu kilekile: duara jeupe. Kama kuona ndiko kunakomfikisha mtu kwenye kiini cha mahali, wawili hawa wangeondoka sawa. Hawaondoki sawa. Mwabudu ana uhusiano na anachokitazama, na uhusiano huo unamdai toba, shukrani, utii. Anayetazama tu hadaiwi chochote zaidi ya ukimya wa dakika chache.

Uluguru nayo ilikuwa na wageni wake kabla ya Morning Side kujengwa. Wazaramo wa nyanda za pwani walikuwa wakituma watu wapande milima hii mpaka kwenye pango la Kolelo, mzimu uliosemwa kuwa na umbo la joka kubwa, wakaombe mvua. Martin Klamroth, mmisionari wa Kijerumani aliyefanya kazi Uzaramo, aliandika habari zake mwanzoni mwa karne ya 20, na wanahistoria wa Vita vya Maji Maji wamezirejea mara nyingi, kwa kuwa mwaka 1905 zilivuma habari kwamba Kolelo amewakataza watu kuwalipa Wajerumani kodi. Tuipime safari ile kwa kipimo cha mtalii. Watu walitembea siku nyingi, wakabeba sadaka, wakafika, na waliyemwendea hawakumwona. Walipokea neno kupitia watumishi wa pango, wakageuza kurudi kwao. Mtalii angesema wamepoteza safari. Wao walihesabu kwamba safari imetimia, kwa sababu walikwenda kama watu wenye haja, na mwenye haja hawezi kumwomba mtu ambaye anaweza kumtoa nje na kumkagua. Si lazima mtu amwamini Kolelo ili aione mantiki hii. Na haja yenyewe haijaisha: mvua ya Uluguru huujaza Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam kwa sehemu kubwa, mji uliokua juu ya ardhi ya Wazaramo walewale. Familia ya Dar inayopanda Uluguru mwisho wa wiki kupiga picha za maporomoko inatazama, bila mtu wa kuikumbusha, maji ya bomba lake.

Atakayepinga kwa hoja ya dini ana pa kushikia. Kurani inawahimiza watu, zaidi ya mara moja, watembee katika ardhi na watazame. Wakristo nao wamefundisha tangu kale kwamba uumbaji ni ushuhuda. Kwa nini basi kutazama kusiwe ibada? Nakubali, kunaweza kuwa. Ila himizo lile la Kurani haliishii machoni: watu wanaelekezwa waangalie mwisho wa waliotangulia, yaani wazipime nafsi zao kwa walichokiona. Agostino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliwasikitikia katika Maungamo yake wanaokwenda kustaajabia milima na bahari huku wakijisahau wenyewe. Hakuna hapo katazo la safari. Lipo swali kuhusu mtu anayerudi nyumbani.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa. Siri imewalinda waovu wengi. Mtumishi anayesema pango haliingiwi anaweza kuwa anaficha udanganyifu au tamaa ya sadaka. Milango iliyofunguliwa, ya makanisa na ya makumbusho, imempa maskini elimu ambayo zamani ilikuwa ya wachache. Chukua fuvu linalotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Leo liko Kalenga, Iringa, na wageni huonyeshwa na kusimuliwa vita vya Wahehe na Wajerumani. Je, nataka lifichwe? Sitaki, na hapa ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Fuvu hilo lilikaa Bremen katika mkusanyo wa mafuvu, mpaka mwaka 1954 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi. Mfupa ni uleule. Lakini Kalenga wapo wenye marehemu, wanaoweza kusema ndiyo, na siku moja wakitaka waseme basi. Bremen hapakuwa na wa kuulizwa. Dhuluma ya kuficha na dhuluma ya kuonyesha zote hupimwa kwa swali moja: nani mwenye mamlaka ya kufungua, na anawajibika kwa nani?

Wapo watakaosema haya ni mazito mno kwa likizo ya siku kumi, tena vijiji vya Uluguru kama Choma vinahitaji pesa za wageni. Vinahitaji, na walipwe vizuri: kijana anayeonyesha njia, mama anayeuza ndizi, mbeba mizigo. Pesa hizo zinanunua kazi yao na muda wao. Koo za Waluguru, ambao kwa mila hufuata upande wa mama, zimekuwa na maeneo yao ya makaburi na matambiko ndani ya misitu, na uamuzi wa nani aingie ni wa ukoo, kama uamuzi wa nani atozwe kiingilio Westminster ulivyo wa Westminster. Tukiwaheshimu Waingereza katika hilo na kuwaona Waluguru wakaidi, tutakuwa tumeamua bila hoja yoyote kwamba utakatifu wa mawe ya kuchongwa unazidi ule wa miti. Adabu haihitaji siku nyingi. Kabla ya kupanda, mzazi anaweza kumwambia mtoto kwamba zipo njia ambazo mwenyeji hatawapitisha, na akiulizwa sababu asijifanye anaijua. Mtoto aliyelielewa hilo Uluguru hatahitaji kibao cha kukataza picha pale Montmartre. Na siku atakapofikishwa Berlin, mbele ya vitu vilivyochukuliwa huku kwetu wakati wa Vita vya Maji Maji, ataweza kuuliza ruhusa ya kuvionyesha ilitolewa na nani.