Tabaka la Mwenzako

Chukua picha ya matabaka arobaini, kisha uyaunganishe yote yawe moja. Kwa macho hutaona tofauti. Sasa kama hakuna kinachobadilika kwa anayetazama, kwani kuna mtu amekosewa?

Ambaye hajawahi kuchora kwa kompyuta afikirie karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine: mistari kwake, rangi ya ngozi kwake, kivuli kivyake. Photoshop ilianza kuwa na matabaka mwaka wa 1994, na leo hata Krita, ambayo ni ya bure, inayo. Shida ni uzito. Ukurasa wa A4 wa kuchapishwa una pikseli 2480 kwa 3508, na tabaka moja lililojaa linaweza kula karibu megabaiti 35 za memori. Zidisha mara arobaini, kwa laptopu ya mtumba uliyonunua Luthuli. Hapo huunganishi kwa sababu ya falsafa, bana. Unaunganisha kwa sababu feni inalia.

Lakini hebu tazama kinachotokea ndani. Weka nyeupe iliyofifishwa hadi nusu juu ya nyeusi, halafu unganisha. Kompyuta inabaki na kijivu, namba 128. Iulize hiyo 128 imetoka wapi. Ni nyeupe juu ya nyeusi, ama kuna mtu alipaka kijivu mara moja akaenda zake? Namba haisemi. Rangi ya mafuta ni tofauti. The Old Guitarist ya Picasso, iliyoko Art Institute of Chicago, ilipopigwa eksrei alionekana mwanamke chini ya yule mzee mwenye gita. Alikuwa amefunikwa tu. Ukiunganisha matabaka, ukahifadhi na kufunga faili, yule wa chini hayupo tena.

Mimi huchora vitabu vya watoto, na mara nyingi tunakuwa wawili: mmoja mistari, mwingine rangi. Kazi moja tuliifanyia kwenye kompyuta za mchapishaji, ambaye nitamwacha bila jina. Matabaka yalikuwa na majina yake sawasawa: "mistari mama mboga", "rangi leso", "kivuli cha jioni". Siku ya hesabu faili ilikuwa tabaka moja. Imepunguzwa uzito, wakasema, na kweli ilikuwa nzito. Ila mwenzangu akaambiwa atalipwa kama msaidizi, maana picha ni moja na mchoraji ni mmoja. Kiswahili nacho kina ucheshi wake: neno tabaka ni la karatasi hizi, na ni la walio juu na walio chini.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaitambua kazi ya pamoja kuwa ile ambayo mchango wa mtunzi mmoja hauwezi kutenganishwa na wa mwenzake. Si ajabu basi kwamba kitendo cha sekunde moja kinaweza kufanya visivyotenganishika vitu ambavyo asubuhi vilikuwa vimetengana, tena vina majina? Mimi naona kutengana ni jambo la mikono iliyofanya kazi, faili iwe na matabaka au isiwe nayo. Lakini nenda kaseme hivyo mbele ya mhasibu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema majina ya matabaka ni unadhifu tu. Programu ikiachwa itaita "Leya 1", "Leya 2", hadi "Leya 1 nakala ya nakala", na haitajali. Jina huwekwa kwa ajili ya mtu atakayefungua faili wewe ukiwa haupo.

Wala sisemi tuhifadhi kila kitu. Pua kumi na mbili nilizojaribu kabla ya kupata ya kumi na tatu ni zangu, naziunganisha bila kumuomba mtu ruhusa. Tabaka la mwenzangu siligusi kabla sijamuuliza, na nakala yenye majina inabaki pembeni hata ikijaza diski.

Kinachonisumbua ni kile kivuli cha jioni. Yeye alianza, mimi nikapitisha brashi yangu juu ya tabaka lake, akarudi akalainisha. Tabaka moja, jina moja, mikono miwili. Tuligawana nusu kwa nusu, na mpaka leo tunabishana.