Mavumbi Yenye Uhai

Sisi Waadventista hatufundishi kwamba mtu ana nafsi iliyofichwa ndani ya mwili. Mavumbi na pumzi vikiungana, huyo ndiye nafsi hai. Fundisho hilo liko kando ya ziwa letu tangu misheni ya Gendia ilipoanzishwa mwaka 1906, nami hulieleza darasani siku ya Sabato hapa Uriri, Migori. Lakini kuna swali tunalolikwepa: mavumbi yenyewe yalikuwa mafu?

Mimi ni mkulima wa njugu, na jibu naliona shambani. Zikianza kuchanua, ng'oa shina moja taratibu, ukung'ute udongo. Mizizini utaona vinundu vidogo kama shanga. Pasua kimoja kwa ukucha: ndani ni chekundu. Wekundu huo ni wa ukoo mmoja na ule wa damu yetu, na kazi yake ni kudhibiti oksijeni ili bakteria walioingia humo wafanye kazi yao. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, na njugu haiwezi kuitumia peke yake. Bakteria huigeuza ikawa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari.

Mwilini mwetu pia tumo wengi. Mwaka 2016 watafiti walikadiria seli za mtu mzima kuwa trilioni 30, na bakteria anaowabeba trilioni 38, wengi wao kwenye utumbo mpana. Basi nikipiga magoti na kusema "mimi", nasema kwa niaba ya umati.

Siwatukuzi bakteria. Kipindupindu kimetuzikia watu Migori, na kunawa kwa sabuni ni sehemu ya ibada. Ila ndugu anapoomba Bwana aangamize vijidudu vyote, nasita kuitikia amina. Huko Mbita, watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, walikuta ndani ya mbu kijidudu, Microsporidia MB, kinachozuia vimelea vya malaria visikue humo. Walitangaza mwaka 2020. Tumezika watoto kwa malaria miaka yote hiyo, na kizuizi kimo ndani ya mbu yule yule.

Ndiyo maana naumia kuona tukinunua vidonge vitatu vya antibaiotiki kwa ajili ya mafua, ugonjwa wa virusi ambao dawa hizo haziugusi. Tunawaua wema wa tumboni, na wabaya wanaosalia wanaizoea dawa. Pombe na sigara humfikisha muumini kwenye baraza la kanisa. Hili la vidonge halijafikishwa huko hata siku moja, nami nimeomba liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho.