Shorobo ana faida gani?

Kila andiko la utafiti lina sehemu ya manufaa kwa jamii. Yangu nimeiandika mara tatu: shorobo hula matunda, hubeba mbegu tumboni, huziangusha mbali na mti mama, na msitu hujipanda wenyewe. Yote ni kweli, na bado hoja hiyo inanitia wasiwasi. Hondohondo naye hubeba mbegu. Popo pia. Ikithibitika kwamba hao wanatosha, shorobo wa Unguja aachishwe kazi?

Anayethaminiwa kwa manufaa tu hana cha kujitetea siku manufaa yakiisha. Wazee wetu hatuwapimi hivyo, angalau si hadharani.

Wekundu wa mabawa yake una shaba. Mkemia Arthur Church alilieleza hilo mwaka 1869. Ni shaba ileile ya sufuria, ila ndege huyu huipata kwenye chakula chake. Akitulia mtini, wekundu karibu wote hufichika. Akiruka ndipo utauona. Kule Eswatini manyoya mekundu ya shorobo huvaliwa na ukoo wa kifalme. Hiyo nayo ni faida, na haihitaji ndege awe hai.

Msimamizi wangu anataka niandike mbegu, kwa kuwa wafadhili wanazielewa mbegu. Nitaziandika. Chini yake nitaongeza sentensi moja: ndege huyu ana maisha yake, na hakuyaanza kwa ajili yetu. Akiikata, nitaihamishia kwenye shukrani, ambako hakuna anayesahihisha.