KIWANJA CHA HALALI: Waadhi kwa Mwenye Kununua Nyumba Yake ya Kwanza

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamthubutukia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyezijaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, kama alivyotukumbusha katika Sura ya Nahl, aya ya 80. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zangu Waislamu, wako katika vijana wetu wa pwani waliopanda bara kwa biashara, wakafika Vwawa katika nchi ya Mbozi, juu ya njia kuu iendayo Tunduma na mpaka wa Zambia, mahali ipitapo reli ya TAZARA. Tangu mwaka 2016, ulipotengwa Mkoa wa Songwe kutoka Mkoa wa Mbeya na Vwawa ikafanywa makao yake makuu, watu hutaka kujenga hapo, na shamba la jana huwa kiwanja cha leo. Kijana aliyechoka kulipa kodi ya chumba husikia khabari ya kiwanja rahisi, akatoa akiba yake ya miaka asiulize neno. Huyo ndiye tumwambiaye maneno haya.

Jueni kwamba Mtume wetu (S.A.W.) naye alikuwa mgeni aliyehitaji kiwanja. Alipohamia Madina alikaa kwa Abu Ayyub Al-Ansari, na mahali ngamia wake alipopiga magoti palikuwa uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Mtume akauliza bei. Wale vijana wakasema twakupa bure. Akakataa kuupokea bure, akaununua, ndipo akajenga msikiti wake. Tazama basi: mji wote wampenda, na wenyewe wameridhia, wala hakujenga hatta jiwe moja ila baada ya kumjua mwenye mali na kumlipa haki yake. Mimi na wewe ni nani hatta tusiulize?

Basi jambo la kwanza ni kumjua mwenye mali. Bwana Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Na fitina kubwa ya viwanja ni mirathi isiyogawanywa. Baba amekufa, ameacha mjane na watoto. Kaka mkubwa auza peke yake, na wadogo wako shule. Wewe wanunua kwa furaha, kumbe umenunua fungu la yatima. Soma Sura ya Nisaa, aya ya 10, uone malipo ya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma, ya kuwa ni moto waula matumboni mwao. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya ya kwamba mwenye kutwaa shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni kwa ardhi saba Siku ya Kiyama. Kwa hivyo ukiambiwa mwenyewe amekufa, taka kumwona msimamizi wa mirathi aliyewekwa na mahakama, na warithi wote wawepo. Na muuzaji akiwa na mke, mwite mkewe asikike, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume kuuza nyumba ya ndoa pasi na ridhaa ya mwenziwe.

La pili ni maandishi. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, Al-Baqara 282, ni ya kuandikiana deni na kushuhudisha mauzo. Ajabu ni kuwa twaisoma katika Ramadhani, kisha twanunua nyumba kwa kupeana mikono tu! Katika Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuikalia kwa miaka iliyotajwa, 33 au 66 au 99. Uliza imebaki mingapi. Nenda na nambari ya hati katika afisi ya ardhi, utazame jina lililoandikwa, na kama pana rehani au zuio. Uliza pia kama kodi ya ardhi imelipwa, usije ukarithi deni la mwingine. Kama mahali hapo ni ardhi ya kijiji, hukumu yake ni nyingine: muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi, ni sharti jambo lipite katika halmashauri ya kijiji. Na ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wajue kwamba asiye raia hapewi ardhi Tanzania ila kwa ajili ya kuwekeza, kwa idhini ya serikali. Kuandikisha kwa jina la rafiki ni hila, na rafiki naye hufa, akarithiwa.

La tatu ni fedha. Wako wanaosema kwamba riba ya nyumba si riba, kwa kuwa nyumba ni dharura. La! Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara akaharamisha riba, wala hakubagua nyumba na duka. Lakini mlango haukufungwa. Benki ya Amana, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011, hufanya kazi kwa kanuni za Kiislamu, na katika kanuni hizo iko murabaha: benki hununua kitu kwanza kikawa mali yake, kisha hukuuzia kwa faida iliyotajwa, isiyozidi ukichelewa. Uliza vyema kama imekimiliki kweli kabla ya kukuuzia, kwani hapo ndipo ilipo tofauti. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, arbuni ambayo muuzaji huila ukighairi haisihi. Basi malipo ya kwanza yaandikwe kuwa ni sehemu ya bei, na yarudi mauzo yakivunjika. Asiyeweza haya na anunue kiwanja kidogo, ajenge chumba kimoja kwa kadiri ya mkono wake. Haba na haba hujaza kibaba.

Na muuzaji naye aseme kweli. Kama mvua hupitisha maji humo, au mpaka una ugomvi, na adhihirishe, kwani Mtume amesema kuwa wanaouziana wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha baraka hufutwa.

Ametusimulia Mtume (S.A.W.) khabari ya mtu aliyenunua ardhi akakuta ndani yake chungu cha dhahabu. Akakirudisha kwa muuzaji, akasema: nimenunua ardhi, sikununua dhahabu. Muuzaji naye akakataa, akasema: nimeuza ardhi na vilivyomo. Wakaenda kwa mwamuzi, naye akaamuru waozane watoto wao, na mali ile watumie, na watoe sadaka. Hao waligombana killa mmoja akihofu kula haki ya mwenziwe. Sisi twagombea shubiri ya mpaka mpaka mahakamani.

Ewe Mola wetu, turuzuku nyumba za halali, zenye wasaa na jirani wema, wala usizifanye kuwa hoja juu yetu siku tutakapolazwa katika shubiri chache za udongo tusizozinunua. Amin.